Maumivu ya bega baada ya kutolewa mfuko wa nyongo

Kifunguamimba, Umoja

Hamjambo nyote. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61 na ambaye ana kisukari, alitolewa mfuko wa nyongo siku ya Jumatatu kwa njia ya matundu madogo, na Jumanne jioni tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Leo ni Alhamisi. Vidonda vyote vinne ni vikavu, lakini analalamikia bega la kulia kuliko hata tumbo lenyewe, ilhali hakuguswa begani. Tena hajapata choo tangu siku ya upasuaji. Tunaishi ghorofa ya nne, lifti hakuna, na majirani wanasisitiza kwamba alale tu, huku shangazi akiwa amekwisha kuinjika supu ya mifupa. Karatasi tuliyopewa ina tarehe ya kliniki na majina ya dawa, basi. Naomba mwenye ujuzi anieleze.

Muuguzi Mstaafu

Mpe mama pole. Ili daktari apate nafasi ya kuona, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, na ile inayobaki huwasha kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Neva ya kiwambo hicho hutokea shingoni, karibu na zile za bega, kwa hiyo ubongo hudhani kwamba bega ndilo linalouma. Kwa kawaida maumivu hayo huisha ndani ya siku chache. Kitambaa cha uvuguvugu husaidia, ila kipime kwanza kwa mkono wako wewe, maana mwenye kisukari aweza kuungua asihisi. Iwapo bega litaambatana na kubanwa kifua, jasho jingi au kukosa pumzi, usingoje kliniki. Mpeleke papo hapo.

Kuhusu kulala tu, majirani wana nia njema lakini wamekosea. Damu isiyotembezwa huweza kuganda miguuni, na utumbo nao hulala pamoja na mgonjwa. Atembee ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku. Ngazi pia anaweza kuzishuka polepole akishika ukuta. Kilichokatazwa ni mtungi wa maji: ule wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na najua mifereji ya Nairobi ikikauka hakuna mama anayekubali kukaa akitazama.

Soma pia majina ya dawa hizo. Ikiwamo ya maumivu yenye kodeini, hiyo hufunga choo. Ampigie daktari wake kabla ya kununua cha kulainisha, na kwa sasa anywe maji ya kutosha. Akianza kutapika, tumbo likavimba na hata upepo usitoke, hilo si la kutibiwa nyumbani. Vivyo hivyo joto la nyuzi 38 au zaidi, usaha, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, macho ya manjano, au mkojo mweusi kama turungi: huenda nyongo inavuja au kijiwe kimebaki kwenye mrija wake.

Mama Pacha, Kahawa West

Dada, supu hiyo ipoe kwanza, uondoe mafuta yanayoganda juu. Ini bado linatengeneza nyongo ya kusaga mafuta, ila sasa inadondoka kidogo kidogo bila ghala. Mimi siku ya tano nilikula mbuzi wa kuchoma kwa ujeuri, na nilichopata chooni sisimulii. Akikohoa, akumbatie mto tumboni. Na mpimeni sukari kila asubuhi, kwa sababu ikipanda kidonda huchelewa kufunga.

Kifunguamimba, Umoja

Asanteni sana. Kodeini imo kweli, na daktari ameibadilisha kwa simu. Joto ni 36.8. Ametembea hadi mlangoni mara tatu, na mara ya tatu nilimkuta ameinamia mtungi. Nimeuhamishia kwa jirani.