Dereva wangu kaigomea pikapu ya auto, ana hoja au ubishi tu?

MamaDagaa:
Habari za jioni wakuu. Mimi nafanya biashara ya dagaa, nachukua mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, napeleka Sengerema na Geita, na mzigo ukiadimika huku nafuata Ukerewe hukohuko. Hilux yangu ya zamani, ile ya injini ya 5L (jina la injini hilo, si lita tano), imechoka. Nimepata nyingine dabo kebini ya lita 2.8, safi kabisa, ila ni auto, inabadili gia yenyewe haina klachi. Juzi nikampa dereva wangu aitesti, ni kijana mtulivu niko naye mwaka wa sita hajawahi kunijibu vibaya, tukatoka Buhongwa mpaka Usagara na kurudi, njiani kapiga breki moja ya ghafla mpaka soda ikanimwagikia kifuani, akasema kuna mbuzi alitaka kukatiza. Tumerudi kashuka kanipa funguo anasema "mama gari nzuri, ila hii utafute dereva mwingine". Nikacheka nikajua utani, kumbe mwenzangu kanuna kweli. Namuuliza sababu ananiambia auto si gari ya kazi, basi, hana la kuongeza. Sasa hiyo ndo sababu gani jamani? Dalali anapiga simu kila baada ya lisaa. Nielimisheni, na wale wa "nunua Noah mama" mpite kimya kimya.

Mzee wa Rugezi:
Dada, kijana wako yuko sahihi ila hajui kujieleza. Ngoja nikupe moja tu. Mwaka juzi niko Rugezi, huko Ukerewe, nasubiri kivuko nivuke Kisorya, nimezima gari kwenye foleni, kivuko kimefunga gati napiga stata inalia tk tk tk basi. Nyuma yangu kuna Fuso na watu washaanza kelele. Wakaja vijana wanne wabeba mizigo, nikaweka swichi, gia namba mbili, klachi chini, wakasukuma kama hatua kumi naachia klachi, gari ikashtuka ikakohoa moshi ikawaka, sikuizima mpaka nafika Bunda. Ingekuwa auto wangesukuma mpaka kesho asubuhi, maana pampu ya oili kwenye giaboksi ya auto inazungushwa na injini, injini ikilala hakuna presha, tairi na injini zinakuwa hazijuani. Na ikikufia porini huivuti kwa kamba umbali mrefu hivihivi, giaboksi itazunguka bila oili kupanda uiue jumla.
Halafu ule mchanga wa mwaloni ukilowa, gia ya mkono unaipeleka mbele kidogo rivasi kidogo, mbele rivasi, mguu unasikia kabisa klachi inaposhika mpaka tairi inatoka kwenye shimo lake. Auto inafikiria kwanza.

Bosi Nyegezi:
Mbona mnamficha mama ukweli? Nina pikapu tatu, nimewajua hawa watu. Dereva anapenda manual, hiyo gia ya mkono, kwasababu ya mserereko. Akipanda kilima akifika juu anatupa nyutro, gari inajiendea yenyewe, dizeli "iliyookolewa" jioni iko kwenye dumu. Kwanza hesabu yenyewe wanakosea, hizi injini za sasa ukitoa mguu kwenye mafuta huku uko ndani ya gia zinakata dizeli kabisa, ukiweka nyutro ndo inaendelea kunywa ya sailensa, ile ya injini kunguruma tu. Na una tani moja mgongoni huna gia ya kukushikilia, breki peke yake, siku ikichemka tunaanza kuchangishana.
Lingine, eti auto haina nguvu. Hilux za 2.8 toka zile zilizoboreshwa 2020, auto ina toki (nguvu ya injini kuzungusha) 500, manual wameipa 420. Toyota wenyewe hao. Marekani kwenye pikapu manual zimebaki za kuhesabu, Ram kubwa za dizeli ziliishia modeli ya 2018, Tacoma ndo bado inang'ang'ania gia sita. Na kama kuna anayewaza kivuko cha Kigongo njia ya Sengerema, aache, toka Juni 2025 tunapita darajani, kilomita 3 umefika Busisi chai haijapoa.

Fundi wa Igoma:
Bosi umesema kweli nusu. Toki 500 ni namba ya injini, mimi naletewa giaboksi. Auto nyingi zinazokuja kwangu hazijafa kwa mzigo, zimefia oili, mtu kaambiwa haibadilishwi milele akaamini. Ile konveta, inayokaa badala ya klachi kwenye auto, ukiwa mwendo wa kobe na mzigo mzito inateleza ndani, ikiteleza inachemsha oili, oili ikiungua inapoteza utelezi na plet za ndani zinaanza kulika. Manual klachi ikiisha, klachi plet, presha plet na beringi, nashusha giaboksi asubuhi jioni unaondoka, na hata Sengerema kuna mtu ataifanya chini ya mwembe. Auto inataka kompyuta na mtu anayeijua, ndo maana wanaofanya kazi mbali na mji wanaikimbia, sio ushamba.
Ila klachi nayo inauliwa. Kuna mteja kampa gari deiwaka siku mbili tu, jamaa anapumzisha mguu juu ya klachi toka Igoma mpaka Kisesa, gari imerudi inanuka kama ndizi imeunguzwa.
Mama, kabla ya kulipa mwambie fundi atoe oili kidogo kwenye hiyo auto. Ikiwa nyekundu au ya kahawia tu, endelea. Ikiwa nyeusi na inanuka moto, mkimbie dalali. Na kwenye mteremko usiiache D, unahamisha leva upande wa S unachagua gia ya chini mwenyewe, inakushika vizuri tu. Swali langu, huyo kijana ashawahi kuendesha auto?

MamaDagaa:
Fundi umeniua. Nimemwita nikamuuliza hilo swali lako hivyo hivyo, kakaa kimya mpaka nikamwonea huruma. Hajawahi hata siku moja. Pale Usagara hakukuwa na mbuzi wala kuku, mguu wa kushoto ulitafuta klachi ukakuta breki, na nyuma kulikuwa na daladala imetugusa pumzi. Aliona aibu kuniambia.
Ila la Rugezi kalishika, anasema "mama Ukerewe nani atatusukuma?" na hapo sina jibu kwasababu huko nafika mara mbili kwa mwezi. Dalali kasema kuna manual iko Magu, imetembea zaidi kidogo. Jumamosi naziangalia zote mbili, napakia magunia kwanza ndo nazipandisha kilima, na fundi nikulipe uje. Wabeja sana.

Mzee wa Rugezi:
Mbuzi wa Usagara 😂😂 mwambie kijana siku ya auto akunje mguu wa kushoto chini ya kiti, na mimi nilianza hivyohivyo.

Fundi wa Igoma:
Jumamosi nipo. Usilipe hela, debe moja la dagaa wa Ukerewe, wale wasio na mchanga.