Ukoo wa Muheza: Houston na Nyumbani

Alhamisi, 19 Juni

Mama Salma, 07:12
Asalaam aleikum wote. Leo sikukuu, hakuna wa kusema yuko kazini. Mwajuma kapata barua ya rejista kutoka HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa wake. Imelala kwenye droo ya vijiko wiki mbili. Makosa matatu: mchicha mbele ya nyumba, pipa la maji ya mvua, bendera ya Tanzania barazani.

Mama Salma, 07:14
Kuomba kusikilizwa na halmashauri yao ni siku 30, zinahesabiwa tangu barua ilipopostiwa, si ulipoifungua. Imepostiwa tarehe 3. Mwisho 3 Julai. Ombi liwe la maandishi. Nani anaandika?

Mama Salma, 08:40
Naona tiki za bluu 14.

Shem Baraka, 08:52
Mchicha umeshtakiwa 😂 wakili wake nani, bamia?

Salim, 08:53
😂😂 shahidi nyanya chungu

Mama Salma, 08:58
Baraka, baadaye. Pipa linalindwa na sheria ya Texas, hawawezi kulikataza kabisa. Ila wanaweza likikaa kati ya nyumba na barabara, au rangi isipoendana na nyumba. La Mwajuma ni la bluu na liko pembeni ya mlango wa mbele. Lihamishwe leo. Bendera inayolindwa ni ya Marekani, ya Texas na za majeshi yao. Yetu haimo. Mchicha nao hauna kinga, tuwaombe tu.

Mwajuma, 09:20
Bendera aliitundika marehemu.

Mama Salma, 09:31
Najua mdogo wangu.

Shem Baraka, 09:50
Kwani wanaweza kuipiga mnada nyumba kwa mchicha?

Mama Salma, 09:55
Hapana. Texas hairuhusu kunadi nyumba kwa deni la faini tupu, wala gharama za wakili zilizotokana na faini hizo. Ada ya mwaka ndiyo inayouza nyumba za watu.

Idi, 10:31
Hilo nalijua mimi.

Mama Salma, 10:32
Idi usianze.

Idi, 10:40
Sianzi. Nilipodaiwa ada niliandika humu humu, mkanijibu mikono ya dua 🤲. Nikauza gari. Baadaye ndiyo nasikia walipaswa kunipa mpango wa kulipa kidogo kidogo, usiopungua miezi 3. Mwenye makaratasi siku zote ni wewe, dada.

Mama Salma, 10:44
Wakati ule nilikuwa nalala hospitali na Baba.

Idi, 10:51
Najua.

Shem Baraka, 10:58
Pilau ya Jumapili kwa nani?

Salim, 11:15
Shikamooni. Nimeyatafuta masharti ya mtaa kwa karani wa kaunti nione yanasemaje kuhusu bustani. Yameandikishwa 1947. Someni ukurasa wa pili, mstari niliozungushia.
[picha]
Yaani asiye mzungu haruhusiwi kukaa kwenye nyumba hizi, isipokuwa mtumishi wa ndani. Kifungu hicho hakina nguvu tena: 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza mahakama kukitekeleza, na sheria ya makazi ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi huo. Lakini maneno bado yamo, kwenye hati ya nyumba ya Ma'mdogo.

Bi Mkubwa, 12:06
🎤 0:58

Salim, 12:11
Naandika kwa walio mahali pa kelele. Bibi anasema: "Wanangu, nimesomewa yote. Mchicha ule nilipanda kwa mkono wangu nilipokuja kumzika mkwe wangu. Uhamisheni nyuma, karibu na bomba. Pipa nalo. Bendera iingie ndani kwa adabu, Mwajuma mwenyewe aishushe, asiharakishwe na mtu. Ila hilo neno la 1947 msiliache. Mjukuu wangu amezaliwa kwenye nyumba hiyo, si mtumishi wa mtu. Idi, uende na dada yako. Nimemaliza."

Idi, 14:37
Nimesikia, Mama.

Mama Salma, 14:40
Marahaba Salim. Na hilo lina njia. Sheria ya 2021 inamruhusu mwenye nyumba kuiomba mahakama iyafute maneno hayo kwenye kumbukumbu. Tulifanye pamoja na hili. Halmashauri nayo lazima itupe vielelezo vyake siku 10 kabla ya kikao, isipotupa tunasogezewa siku 15. Idi, siku gani huna zamu?

Idi, 15:22
Wakiweka siku ya kazi siwezi kuahidi. Nitajaribu kubadilishana na mtu.

Mama Salma, 15:23
Bi Mkubwa hakusema ujaribu.

Mama Salma, 17:05
Barua nimeiandika. Nani ana printa yenye wino?

Zuhura, 21:47
Ndiyo natoka kazini jamani. Kumetokea nini? Mwajuma yuko salama?

Mwajuma, 22:10
[picha]
Pipa liko nyuma, Baraka kanisaidia. Mchicha kesho asubuhi kabla ya jua kali. Bendera bado sijaishusha.