Tupeane uzoefu: uliwahi kukaa benchi la kaunsela chuo cha dini?

kitikirefu: Jana mdogo wangu kaniambia kwenye simu "siendi kwa kaunsela, watu wataniona", nikakumbuka mbali. Chuo chetu kilikuwa kidogo, tunajuana mpaka kandambili. Ofisi ya kaunsela inatazamana na mlango wa kanisa, nje benchi moja la mbao, ukilikalia dakika tano tu mchana mezani unaulizwa "vipi, unaumwa?" Mimi nilikuwa nabeba faili tupu nionekane nafuatilia ada. Nyie je?

sapu_mbili: Hahaa benchi! La kwetu mguu mmoja mfupi, ukitetemeka linagonga sakafu, korido nzima inajua.

mkalianyuma: Yangu ilikuwa ibadani kabisa. Wiki ya mitihani, usiku wa tatu silali, wimbo wa pili tu vidole vikaanza kufa ganzi, moyo unadunda, pumzi haishuki, nikajua ndo nakufa, nikachuchumaa katikati ya viti. Jirani akapiga kelele "pepo!" Basi jamani wakanizunguka, huyu kashika kichwa, yule anakemea sikioni mate yananirukia, na kadiri wanavyopaza sauti ndo pumzi inazidi kukata. Kaunsela, mama mmoja mfupi, akapenya chini ya mikono yao akakaa sakafuni na sketi yake nyeupe, akaniambia "toa hewa taratibu, kama unapoza chai. Tena." Ikachukua kama dakika kumi nikaweza kusimama. Baadaye akanieleza ni shambulio la hofu, linatisha kama kifo ila likishafika juu linashuka lenyewe, na bado akanipeleka zahanati moyo ukapimwe. Nilipona, ila mpaka namaliza chuo niliitwa Legioni, lile jina la pepo wengi kwenye Injili.

sapu_mbili: LEGIONI 😭😭 nani huyo aliyekupa

mkalianyuma: Kiongozi wa kwaya.

mwombaji_tu: Poleni ila msidharau maombi. Wengine tumefunguliwa hivyo hivyo.

kitikirefu: Nani kadharau? Soma tena.

mwombaji_tu: Nimesoma. Siku hizi kila kitu sonona, imani hakuna.

bintiwasauti2: Eliya alikuwa hana imani? Fungua 1 Wafalme 19, kakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumkemea, kamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa tena ale. Nilimwambia hivyo mchungaji wa chuo akacheka, akanishika mkono mwenyewe mpaka kwa kaunsela.

mwombaji_tu: Sawa, ila vidonge vya sonona mimi hapana. Nilikunywa siku tano sikuona kitu nikatupa.

bintiwasauti2: Siku tano ndugu yangu! Mara nyingi vinachukua wiki kadhaa. Na mtu akishavizoea asiache ghafla, aongee na daktari kwanza.

swali_moja: Mnasahau jambo kubwa. Kaunsela wangu alikuwa pia mwalimu wangu wa maadili, na yumo kamati ya nidhamu. Jumanne nimemlilia kuhusu mimba ya dada yangu, Alhamisi anasimamia mtihani wangu, ananiangalia kwa huruma hiyooo, nikashindwa hata kuandika namba ya usajili. Hakusema kwa mtu, lakini sikurudi tena.

mkalianyuma: Hii kweli. Wangu siku ya kwanza aliniambia wazi, humu hakitoki kitu, isipokuwa nikiona unataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Ndo nikafunguka.

swali_moja: Bahati yako.

kitikirefu: Sasa huyu mdogo wangu nimwambieje? Hali chakula vizuri, na juzi kasema bora asingezaliwa.

bintiwasauti2: Kitikirefu hilo hukuanza nalo!! Mpigie sasa hivi, muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asilale peke yake leo, rumeti ajue, kaunsela ajue leo leo, benchi baadaye.

swali_moja: Akishindwa kwa huyo wa chuo, mpeleke hospitali. Usingoje miadi.

mwombaji_tu: Mpigie kaka. Naomba huku.

kitikirefu: Nimempigia. Yupo na rumeti, wanatoka bwenini kwenda. Anauliza avae nini.

sapu_mbili: Mwambie abebe gitaa, watajua anaenda kwaya.