Mrejesho: filamu fupi za Afrika Mashariki nilizoomba

Niliomba filamu za kwetu zenye urefu usiofika saa mbili, ambazo wengi wamezipita. Asanteni sana wakuu, tatu mlizopendekeza zimeshatazamwa.

Anzeni na Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu. Ni dakika 21 hivi, na mazungumzo ni machache mno, kwa hiyo sauti ndiyo inayobeba hadithi: vaeni hedifoni, spika ya simu inaimeza yote. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, dakika 74, inachanganya Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza. Hakikisheni nakala ina maandishi ya tafsiri. Msiwaonyeshe watoto wadogo peke yao, maana Jo, mhusika mkuu, ni mtoto mgonjwa asiye na matumaini ya kupona.

Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji ndiyo iliyonikaa moyoni. Zanzibar ya miaka ya 1950, wahusika Denge na Yasmin, taarab, na matukio mengi ya usiku. Hapo ndipo nakala duni inapoharibu: faili likibanwa mno ili lipungue ukubwa, vivuli vinageuka madoa meusi na nyuso hazionekani. Zimeni taa, tafuteni nakala safi. Kisha someni riwaya ya Adam Shafi ambayo filamu hii imetokana nayo. Filamu imepunguza mengi, na kwa maoni yangu imechagua vizuri.