Msitu wa asili wa kupiga picha: Amani, Udzungwa au Kakamega?

chai_ya_maramba
Wadau habarini. Simba na twiga wameshapigwa picha sana, mimi mwaka huu nataka msitu, ule wenyewe wa mijiti mikubwa ya zamani, ukungu, mikangaga, magogo yameoza yameota kijani. Nalinganisha Amani, Udzungwa na Kakamega. Lenzi ninayo ya milimita 24-70, hela inatosha kuongeza kitu kimoja tu, nachanganyikiwa kati ya lenzi pana ya 14mm (namba ikiwa ndogo picha inachukua eneo pana zaidi) na tripodi nzuri, ile miguu mitatu ya kushikilia kamera. Mnanishaurije?

mzee_wa_sigi
Karibu Tanga kaka. Nasema Amani. Anzia geti la Sigi kule chini upande taratibu mpaka Amani juu, msitu unabadilika kadiri unavyopanda, na huko juu ukungu asubuhi unakufuata wenyewe, halafu watu si wengi kwahiyo unaweza kukaa na mti mmoja mpaka mwanga ukae sawa, hakuna wa kukuharakisha. Ila lazima nikwambie hili maana linaniuma: sio kila mti mrefu pale ni wa asili. Kuna Maesopsis, mti wa kuletwa, umesambaa vibaya mno kwenye sehemu zilizowahi kukatwa, na ile bustani iliyoanzishwa na Wajerumani 1902 ndo kabisa, miti yake imetoka dunia nzima. Picha itatoka nzuri lakini ukiandika chini yake "msitu wa kale wa Usambara" unakuwa umewadanganya watu. Mwambie mwongozaji akupeleke kwenye misambu yenyewe, miti ya asili ya huku. Na uiname pia, kwenye mawe yenye unyevu kuna yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayafuga kwenye vyungu madirishani, asili yake ni huku huku, yalipelekwa Ulaya miaka ya 1890.

Nafula_wa_Shinyalu
Sasa mbona Kakamega hamuisemi? Ni tambarare kiasi, unatembea na tripodi siku nzima na huchoki, na Kenya hakuna msitu mwingine umebaki wa aina ile ya Kongo. Panda Buyangu Hill kabla jua litoke, ukungu unakuwa umelala juu ya miti yote na ukibahatika unaskia mbega wakianza kunguruma. Shida nitasema ukweli, msitu umekatwa vipande vipande, mashamba yako karibu, so picha pana ya kutoka juu mara nyingi inaingiza shamba la mtu. Kwa miti mizee ingia ndani upande wa Isecheno.

fundi_mwanga
Kwenye vifaa, 14mm achana nayo kwa sasa. Msituni lenzi pana inabeba kila kitu, vijiti, matawi, vipande vya anga jeupe, na ule mti mkubwa uliokufanya usimame unaonekana mdogo huko nyuma. Chukua tripodi, chenji ikibaki ongeza filta ya polaraiza, kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao. Chini ya miti mwanga ni mdogo kweli, ukiweka ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi) unajikuta shata inakaa wazi nusu sekunde au sekunde nzima, na polaraiza inakula karibu stopu mbili, yaani inabaki kama robo ya mwanga, hapo mkono hauwezi. Lakini bila polaraiza majani yaliyolowa yanarudisha mwanga mweupe wa anga na kijani chote kinapotea, ndo maana picha nyingi za msitu zinatoka zimepauka wakati macho yaliona kitu kingine kabisa. Usiizungushe mpaka mwisho, acha mng'ao kidogo jani liwe hai. Waiti balansi, ile ya kusawazisha rangi, toa kwenye oto, ikiona kijani kila mahali inakisahihisha kuelekea zambarau. Kwenye ukungu ongeza eksposha (mwanga wa picha) kama +1 la sivyo kamera inakupa kijivu. Jua la saa sita mchana ni madoa tu, subiri wingu.

binti_ifakara
Fundi kwa miti sawa, kwa maporomoko sikubali. Pale Sanje maji yanashuka kama mita 170 kwa jumla, ukisimama chini unahitaji upana, ingawa 24mm yake inaweza kumtosha akipiga picha za wima akaziunga. Udzungwa mnairuka kwa sababu ya gharama na mlima, sawa, kiingilio cha hifadhi ya taifa kipo na milima inachosha. Lakini wapi kwingine Tanzania utapata msitu umeungana kutoka mita 250 hivi chini mpaka zaidi ya 2,000 juu? Na mangabe wa Sanje, aina ya kima, hapatikani popote ila kwenye milima hii. Mwenye siku za kutosha aje Mang'ula.

chai_ya_maramba
Asanteni sana. Basi tripodi na polaraiza, na naanza na Amani, Udzungwa nitaiwekea hela taratibu. Mzee, nije mwezi gani?

mzee_wa_sigi
Masika barabara ya kupanda inateleza, ukiwa na gari dogo usijaribu. Njoo Juni au Julai, baridi ipo, ukungu upo, na manyunyu hayakosi hata kiangazi. Kamera ikitoka kwenye gari lenye AC iache kwenye begi kwanza ipate joto, lenzi isipate mvuke. Suruali chomekea kwenye soksi, na kabla hujatandaza tripodi kagua chini vizuri, siafu ni wengi.

Nafula_wa_Shinyalu
Ukimaliza weka picha hapa tuone, hata zile za misambu peke yake.