Kadi niliyobuni ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering: Malkia wa Siafu. Imezidi nguvu?

Chui_Kijani: Wakuu, naomba mnikosoe bila huruma. Malkia wa Siafu, kiumbe mdudu, 2/2 (nguvu 2, ustahimilivu 2), gharama mana 2, yaani nishati ya kulipia kadi (moja ya rangi yoyote, moja ya kijani). Maandishi: "Kila kiumbe anapoingia uwanjani upande wako, vuta kadi moja. Mwisho wa zamu yako, unda tokeni ya siafu 1/1 ya kijani." (Tokeni hapa ni kiumbe anayeundwa mezani, hatoki kwenye rundo la kadi.) Nikimshusha awe 1/1 atakaa sawa?

KadiTupu: Hiyo 2/2 haina neno, iache. Balaa liko kwenye maandishi. Hukuandika "kiumbe mwingine", kwa hiyo Malkia anajivutia kadi mwenyewe akiingia. Mwisho wa zamu hiyohiyo siafu anaingia, kadi ya pili. Kadi halisi ya Divination ni mana 3 kwa kadi 2 na haiachi kitu mezani. Wewe kwa mana 2 unapata kadi 2, 2/2, 1/1, na kesho mashine inaendelea.

Linganisha na kadi ya kiumbe Beast Whisperer: mana 4, 2/3, naye huvuta pale tu unapocheza kadi ya kiumbe. Tokeni haichezwi, inaundwa, kwa hiyo haimhusu. Neno lako "anapoingia" linazibeba zote. Halafu uvutaji wako ni wa lazima: spelli (kadi ya uchawi) ikileta tokeni 40 na rundo lina kadi 30, umejiua mwenyewe, maana anayevuta rundo likiwa tupu hushindwa.

BahatiNne: Naongezea: ukiandika "asiye tokeni" umeziba tundu, ila siafu wake wanabaki mapambo. Bora siafu ndio wawe bei: "Toa kafara siafu wawili: vuta kadi moja."

KadiTupu: Mkuu, kutoa kafara viumbe ili uvute kadi ni kazi ya rangi nyeusi, tazama kadi za Village Rites na Altar's Reap. Kwa njia hiyo kadi iwe ya rangi mbili, nyeusi na kijani.

Sokwe_Mtu: Anaweza kubaki kijani. Badala ya kuwaua, walaze (geuza kadi ubavu kuonyesha imetumika):

"Mwisho wa zamu yako, unda tokeni ya siafu 1/1 ya kijani.
Mana 1, laza siafu wawili walio wima ulio nao: vuta kadi moja."

Gharama ipande hadi mana 3, abaki 2/2. Ukimcheza zamu ya 3, siafu wa pili anafika mwisho wa zamu ya 4, ndipo kadi ya kwanza inawezekana. Mpinzani ana nafasi ya kumuua kabla hujafaidi. Na siafu waliolala hawazuii mashambulizi, basi ukiwalaza kwenye zamu yako, kadi unailipia kwa ulinzi.

Angalizo: siafu aliyeingia sasa hivi analazwa palepale. Ugeni uwanjani unazuia kushambulia na uwezo wenye alama ya kulaza ya kiumbe mwenyewe. Hapa anayetoa amri ni Malkia.

Chui_Kijani: Nachukua ya Sokwe_Mtu. Picha ya kuchapa iwe saizi gani?

KadiTupu: Kadi ni milimita 63 kwa 88. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, iwe 69 kwa 94. Kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 815 kwa 1110. Maandishi yasisogee ukingoni, kisu huwa kinateleza. Na mgongo usinakili ule wa kadi halisi.