Majirani Isevya, Tabora: uvimbe wa korodani

Balozi Ramadhani: Mwangaluka majirani. Kuna kijana kaniuliza dawa ya ngiri ya kienyeji inauzwa wapi sokoni. Anasema korodani moja imekuwa ngumu lakini haimuumi. Wenye fani mpo humu, semeni.

Nesi Mwajuma: Shikamoo Balozi. Asinunue kitu. Hiyo "haimuumi" ndiyo inayonipa wasiwasi. Ngiri huanzia juu, kinenani, akikohoa inatuna, akilala chali mara nyingi inarudi ndani. Busha ni maji, laini, limezunguka korodani. Saratani ni kigumu kilichomo ndani ya korodani yenyewe. Kinaweza kuwa kidogo kama punje ya choroko, au korodani yote ikawa ngumu na nzito.

Dotto Bodaboda: Si unamulika tochi tu? Mwanga ukipita ni busha.

Shija wa Altrasaundi: Dotto, tochi inadanganya. Maji yanaweza kujaa kuzunguka korodani ambayo ndani ina uvimbe, mwanga ukapita vizuri tu. Altrasaundi ni jeli na dakika chache, haina maumivu. Tunachotafuta ni kujua uvimbe uko ndani ya korodani au nje yake. Wa nje mara nyingi si saratani. Mgumu wa ndani tunauhesabu saratani mpaka maabara iseme vinginevyo.

Mama Kulwa: Mimi nilijua hayo ni mambo ya wazee.

Nesi Mwajuma: Hapana mama, unafikiria tezi dume. Hii hupenda vijana, miaka 15 hadi 40. Anayezaliwa korodani haijashuka yuko kwenye hatari zaidi. Mkiogesha watoto angalieni: miezi 6 imefika na korodani bado haipo mfukoni, mpelekeni. Upasuaji wa kuishusha ni vizuri ufanyike kabla ya miezi 18.

Dotto Bodaboda: Na sisi wakubwa tunajikaguaje?

Nesi Mwajuma: Baada ya kuoga maji ya moto, ngozi ikiwa imelegea. Moja moja, izungushe taratibu kati ya dole gumba na vidole. Nyuma kuna mrija laini wa mbegu, huo ni wako, usishtuke. Moja kuning'inia chini ya mwenzake ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine: korodani inaweza kuwa imejinyonga. Hapo una saa kama 6 tu kuiokoa, kwa hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Mfamasia Joha: Kabla ya kisu kuna vipimo vya damu. AFP, HCG na LDH, yaani alama za saratani hii kwenye damu, zipimwe KABLA ya upasuaji na zirudiwe baadaye. Korodani ikishatoka, HCG hushuka kwa nusu kila siku moja hadi moja na nusu, AFP kila siku 5 hadi 7. Zikigoma kushuka, kuna saratani imebaki mahali. Bila namba ya mwanzo utalinganisha na nini?

Balozi Ramadhani: HCG si ile ya mimba?

Mfamasia Joha: Ndiyo hiyohiyo 😂 Kijiti cha mimba kinaweza kumtolea mwanamume mistari miwili. Ila mstari mmoja haumaanishi yuko salama, maana wengi damu yao husoma kawaida. Msiende kununua vijiti.

Nesi Mwajuma: Sasa hili lisomeni mara mbili. Korodani hii HAICHOMWI sindano wala haipasuliwi kupitia kwenye mfuko wake. Daktari anapasua kinenani, anafunga kwanza kamba ya korodani huko juu, kisha anaitoa nzima. Sababu ni kwamba korodani iliumbwa tumboni karibu na figo, ikashuka na mishipa yake. Saratani yake hupanda kwenye tezi za kando ya uti wa mgongo. Ngozi ya mfuko inapeleka kwenye mitoki, tezi za kinenani. Ukitoboa mfuko umeifungulia njia ya pili. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Daktari, utapasulia wapi?"

Shija wa Altrasaundi: Na kilichotolewa kitiwe formalini, dawa ya kuzuia kisioze, mara 10 ya ujazo wake. Kikikaa kwenye maji ya chumvi kinaharibika, maabara wanashindwa kusema ni seminoma, aina moja ya saratani hii, au ni aina nyingine, na matibabu yanategemea jibu hilo.

Mama Kulwa: Baada ya hapo?

Mfamasia Joha: Siti skani ya kifua na tumbo. Kama haijasambaa, wengi hufuatiliwa tu kwa damu na skani, au seminoma ikapewa dawa ya saratani, kaboplatini, mara moja. Ikisambaa ni dawa za dripu, sisplatini na etoposaidi siku 5 mfululizo, pamoja na bleomaisini mara moja kwa wiki. Mzunguko ni siku 21, mara 3 au 4. Sisplatini inakwenda na dripu nyingi za maji kulinda figo. Bleomaisini hugusa mapafu: tumbaku tulime, mgonjwa asivute. Na miaka yote mbele, akipigwa nusukaputi amwambie mtoa usingizi kwamba aliwahi kuipata. Homa ikifika 38, hospitali siku hiyohiyo, asijifiche na panado.

Balozi Ramadhani: Maana watu wanasema ni kifo tu.

Mfamasia Joha: Ilikuwa hivyo ikishasambaa, mpaka Dkt. Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alipoanza kuchanganya sisplatini na dawa nyingine mwaka 1974. Lance Armstrong, yule wa baiskeli, iligundulika 1996 ikiwa mapafuni na kwenye ubongo. Akapona. Kinachoharibu ni kuchelewa, na kuruka mizunguko kwa sababu nauli imeisha.

Mama Kulwa: Na watoto atapata?

Nesi Mwajuma: Korodani moja nzima inatosha kwa ndoa na kwa watoto. Dawa ndizo zinazoweza kupunguza mbegu, kwa hiyo suala la kuhifadhi mbegu aliulize kabla ya dripu ya kwanza.

Balozi Ramadhani: Basi aanzie wapi?

Nesi Mwajuma: Hospitali yetu ya Kitete, Jumatatu asubuhi. Wakiona inabidi, wampe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya saratani ya Ocean Road, Dar. Asafiri na karatasi zote: altrasaundi, damu, majibu ya maabara. Kadi ya bima asiisahau.

Dotto Bodaboda: Nitampeleka bure. Ni yule wa gereji au?

Nesi Mwajuma: Dotto, futa hiyo.

Dotto Bodaboda: Ujumbe huu umefutwa